Tumewapima wagonjwa kila kitu, sigara hatukuwauliza: niliyoyakuta Dodoma

#1 Mtafiti wa Makole (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi. Mlio mbali na Dodoma, habari za huko.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, leo naliweka hapa. Kwa taaluma mimi ni tabibu. Nilikaa chumba cha wagonjwa wa nje miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye utafiti wa tabia za uvutaji. Siku hizi nusu ya wiki niko vijijini na dodoso mkononi, nusu nyingine nafundisha wanafunzi wa kada za afya hapa mjini.

Nikiwa bado tabibu alikuja mzee kutoka upande wa Bahi, anakohoa. Koti lake lilinuka msokoto tangu mlangoni. Nikamsikiliza kifua, nikatuma makohozi maabara, nikapima presha, nikaandika dawa. Akarudi mara ya pili. Mara ya tatu kaletwa na binti yake, anapumua kwa mabega. Mara zote tatu sikumuuliza habari ya tumbaku. Harufu niliisikia, nikainama kuandika. Binti ndiye aliyeniambia, tena kwa kupita tu, kwamba baba kaacha msokoto mwezi ule kwa sababu pumzi ya kuuvuta haipo tena.

Miaka baadaye, kwenye utafiti, nilikuwa Chamwino chini ya mbuyu na baba mmoja wa makamo. Nikafika swali la dodoso: katika miezi 12 iliyopita, kuna mhudumu wa afya aliyekuuliza kama unatumia tumbaku? Akafikiri kidogo. Akasema, "Wamenipima presha. Wamenipima sukari. Wamenipima na virusi. Sigara hawajanipima."

Nikamkumbuka mzee wa Bahi.

Ukweli ni kwamba sikukosa elimu ya madhara. Chuoni nilionyeshwa picha za mapafu meusi, nikaulizwa kwenye mtihani, nikafaulu. Ila hakuna aliyenifundisha sentensi ya kwanza ya kumwambia mtu wa umri wa kunizaa, mbele ya binti yake, kuhusu kitu anachokipenda na anachokionea aibu kwa wakati mmoja. Pengo liko hapo, na ndilo nataka tulijadili.

Nianze na swali lenyewe, maana wengi tunaliharibu kabla mgonjwa hajafungua mdomo. "Unavuta sigara?" Bibi wa Kigogo mwenye kikopo cha ugoro kwenye pindo la kanga atakujibu hapana, na hajadanganya, kwa sababu ugoro hauvuti, anaunusa. Baba wa msokoto naye atasema hapana, kwa kuwa sigara kwake ni ile ya pakiti. Kijana wa kijiweni anayenunua moja moja kwa mangi anasema hapana kwa sababu mvutaji, kwa hesabu yake, ni mwenye pakiti mfukoni. Na mama wa mjini anayevuta shisha Jumamosi hajioni kabisa humo. Wanne wamepita mbele yako, daftari lako linasema hakuna mtumiaji.

Nilipoanza kuuliza "Tumbaku unaitumiaje: sigara, msokoto, kiko, ugoro, ya kutafuna, shisha?" majibu yalibadilika siku ile ile. Neno "unaitumiaje" lina kazi yake. Halimhukumu mtu, linamwonyesha kuwa umeshasikia mengi na hutashtuka.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Watu husoma tarakimu hizo wakaona ni kidogo. Sasa nenda kwenye benchi la zahanati, hesabu wanaume saba. Kwa wastani mmoja wao ni mtumiaji. Unajua ni yupi?

Karibuni.

#2 Bodaboda wa Nkuhungu

Mkuu, umeongea. Lakini mimi niseme kama mvutaji. Kwamba fegi ni mbaya najua, imeandikwa kwenye pakiti. Nimeacha mara nne. Mara ya mwisho siku tatu, arosto ikanipiga nikagombana na abiria, nikagombana na mke wangu, nikarudi. Daktari akiniuliza anisaidie nini? Ataniambia acha. Mimi nimeshajiambia acha mara nne.

#3 Mtafiti wa Makole

Kaka yangu wa Nkuhungu, asante kwa kusema wazi. Naomba nikujibu kwa kirefu kwa sababu ulichoandika ndicho wanafunzi wangu wanapaswa kukisikia.

Kwanza, siku tatu si bahati mbaya. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, ikiingia kwa moshi hufika kwenye ubongo kwa sekunde kama 10, ndiyo maana mazoea yake yanakamata upesi. Ukikata ghafla, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini, inapanda siku mbili tatu za mwanzo, halafu inaanza kushuka taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Wewe ulirudi ukiwa kileleni kabisa. Laiti kuna mtu angekwambia mapema kwamba siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko ya kumi, ungejipanga: siku hiyo usikae kijiweni, mwambie shemeji mapema kuwa hasira zitakuja na si zake.

Pili, nikuulize maswali mawili. Ukiamka, sigara ya kwanza unavuta baada ya muda gani? Na kwa siku ni ngapi? Haya mawili yako kwenye kipimo cha uraibu wa nikotini cha Karl Fagerström, mtafiti wa Sweden, kilichorekebishwa 1991, chenye maswali sita tu. Swali la asubuhi ndilo lenye uzito. Nikotini mwilini hupungua nusu kila baada ya saa kama mbili, kwa hiyo usiku kucha karibu yote inaisha. Anayevuta ndani ya dakika tano za kuamka, mwili wake ndio unaodai, si kijiwe. Anayesubiri mpaka chai ya saa nne, mara nyingi anafuata mazoea na watu aliokaa nao. Hawa wawili hawahitaji msaada wa aina moja, na mhudumu asiyeuliza atawapa wote hotuba ile ile.

Kwa yule wa dakika tano kuna vibandiko vya ngozi na bazoka za nikotini za kutuliza arosto, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Vidonge vya kusaidia kuacha, bupropioni na varenikilini, viliongezwa 2021. Sitaki kukudanganya kwamba ukienda dirisha la dawa utazikuta. Nimewahi kuzunguka maduka ya dawa mchana mzima kumtafutia mtu vibandiko nikarudi mikono mitupu. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa ya presha tunaipigania lakini hii hakuna anayeiulizia.

Na mara nne ulizoacha, usiziite kushindwa. Umeshajua siku yako mbaya ni ipi. Wengi wa walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

#4 Nesi wa Zamu

Kaka mtafiti, nakuheshimu, lakini njoo wodini usiku. Wagonjwa wamejaa, sisi wawili, dripu, dawa, taarifa ya kukabidhi zamu. Halafu unaniambia nikae nimshauri mtu habari ya sigara. Muda unatoka wapi? Na hata nikimshauri, wangapi wataacha?

#5 Mtafiti wa Makole

Dada, swali lako ni la haki, nimelala nalo kabla ya kukujibu.

Kule London mwaka 1979, daktari Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa na madaktari 28 wa kawaida, si mabingwa, kwa wavutaji zaidi ya 2,000. Kundi moja halikuambiwa kitu. Jingine lilishauriwa liache, dakika moja mbili tu ndani ya maongezi ya kawaida, likapewa kipeperushi na kuambiwa kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, walioacha na kubaki wameacha kwenye kundi lisiloambiwa kitu walikuwa asilimia 0.3. Kwenye kundi la pili, 5.1.

Najua utasema tano kati ya mia ni nini. Lakini fikiria ni dawa gani ya dakika mbili, isiyo na gharama, unayoweza kuitoa ukiwa umesimama unabadilisha dripu. Na mshangao wangu mkubwa uko kwenye neno "watafuatiliwa". Walioshauriwa bila kipeperushi na bila kuambiwa habari ya kufuatiliwa walikuwa asilimia 3.3. Mtu akijua utamuuliza tena, ananyanyuka.

Kwa hiyo sikuombi umkalie mgonjwa nusu saa. Tunachofundisha ni hatua tano: uliza, shauri, pima utayari, saidia, panga kumfuatilia. Ukiwa umebanwa, fanya mbili za kwanza na ya mwisho. "Baba, tumbaku unaitumiaje?" Akijibu: "Kwa kifua hiki ulicholazwa nacho, kuacha kutakusaidia kuliko dawa nyingi tunazokupa hapa. Jumanne ukirudi kliniki nitakuuliza umefikia wapi." Umemaliza, nenda kitanda kingine.

Sasa niseme tunavyolifundisha, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Zamani nilikuwa naingia darasani na mada, nasoma, wanaandika. Wakitoka hawawezi kitu. Siku hizi viti vinasogezwa, mwanafunzi mmoja anakuwa mgonjwa na mwingine mhudumu, sisi tunatazama. Mgonjwa wa kuigiza napenda awe mtu mzima wa nje ya darasa, anayejua maisha. Mwanafunzi anaanza vizuri, kisha hofu inamshika, anaanza kuhubiri: "Baba, hujui kwamba unajiua? Huwahurumii watoto?" Ukitazama uso wa mgonjwa wakati ule unaona mlango unafungwa. Anasema "Nimekuelewa daktari", na "nimekuelewa" hiyo kila Mtanzania anajua maana yake: niache niende.

Namsimamisha. Namwambia rudia, lakini safari hii usitoe sababu hata moja. Muulize yeye. "Baba, katika hii tumbaku, kuna kitu chochote kinachokukera?" Kimya. Kufundisha kijana wa miaka 21 kuvumilia kimya kile ni kazi kuliko kumfundisha kuchoma sindano. Baada ya muda mgonjwa anasema, "Mjukuu wangu hataki kunikalia mapajani, anasema nanuka." Basi. Sababu imetoka kinywani mwake mwenyewe, na sababu ya mtu mwenyewe ina nguvu kuliko mapafu yote ya picha. Njia hii mwanasaikolojia William Miller wa Marekani aliieleza 1983, akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Wao waliandika kwa Kiingereza, ila wazee wetu wa mabaraza wanaijua: humlazimishi mtu kula kiapo, unamngoja aseme neno lake.

#6 Mzee wa Mpwapwa

Vijana mnasumbuka bure. Babu yangu alivuta kiko mpaka karibu miaka 90, analima mwenyewe. Mungu ndiye anayepanga.

#7 Mtafiti wa Makole

Shikamoo mzee wangu. Sibishani nawe juu ya babu, Mungu amrehemu. Kila kijiji nilichopita kuna babu kama huyo. Shida ni kwamba waliofariki wakiwa na miaka 55 hawapo kijiweni kusimulia.

Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wawaulize kuhusu uvutaji wao. Wakapata madaktari wanaume zaidi ya 34,000, wakawafuata miaka 50. Mwaka 2004 matokeo yakatoka: wavutaji wasioacha walikufa, kwa wastani, mapema kwa miaka kama 10 kuliko wenzao wasiovuta. Babu yako alikuwa upande mzuri wa wastani ule. Lakini sehemu ninayoipenda, mzee wangu, ni hii: aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama miaka mitatu zaidi ya maisha, wa 50 sita, wa 40 tisa, na wa 30 karibu kumi yote. Kwa hiyo hata kwa mtu wa umri wako, kama unavuta, bado kuna kitu cha kuokoa. Unavuta, mzee?

#8 Mzee wa Mpwapwa

Marahaba. Ugoro tu.

#9 Mtafiti wa Makole

Nashukuru kwa kuniambia, mzee. Nitakutafuta faraghani kwa idhini yako, tuongee taratibu.

#10 Mwaka wa Tatu

Mwalimu, naomba kuuliza. Baadhi yetu wenyewe tunavuta, nyuma ya hosteli, hasa wakati wa mitihani. Mtu kama huyo atamshauri nani? Si unafiki?

#11 Mtafiti wa Makole

Mwanangu, si unafiki, ni uchungu. Nimeona wahudumu wanaovuta wakiruka lile swali kwenye faili, kwa sababu wanaogopa mgonjwa atanusa vidole vyao. Ndiyo maana kuanzia 2005 Shirika la Afya Duniani na wenzake walifanya utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, meno, uuguzi na famasi katika nchi mbalimbali, wakiwauliza mambo mawili pamoja: je, unavuta, na je, umefundishwa kumsaidia anayetaka kuacha. Maswali hayo yaliwekwa kwenye karatasi moja kwa sababu yanashikana.

Kwangu darasani naanza na wanafunzi wenyewe. Hakuna anayelazimishwa kujitaja. Lakini anayetaka msaada anapewa kama mgonjwa mwingine yeyote, kwa siri ile ile. Kijana aliyepita kwenye arosto mwenyewe, akaacha, akija kukaa mbele ya mgonjwa anasikiliza kwa namna ambayo siwezi kuifundisha. Njoo ofisini siku yoyote mchana, huhitaji kueleza mlangoni umefuata nini.

#12 Mama wa Kibaigwa

Mwenzenu mume wangu yuko kwenye dawa za kifua kikuu mwezi wa pili sasa. Anameza vizuri, namsimamia mimi. Ila sigara hajaacha, anavutia nje nyuma ya ghala la mahindi. Kliniki hawajasema kitu. Niseme mimi?

#13 Mtafiti wa Makole

Pole sana mama, na hongera kwa kumsimamia. Moshi unaongeza uwezekano wa mtu kuugua kifua kikuu, na anayevuta akiwa kwenye dozi ana hatari kubwa zaidi ya matibabu kutokwenda vizuri au ugonjwa kurudi. Kwa hiyo ndiyo, suala hili ni sehemu ya tiba yake, si jambo la pembeni.

Mtu wa kifua kikuu anakuja kliniki tena na tena, kwa kawaida kwa miezi sita au zaidi. Ni wagonjwa wachache tunaopata nafasi nyingi hivyo za kuwauliza. Mkienda tena, ingia naye, umwambie mhudumu mbele yake, kwa upole: "Baba anatumia sigara na tungependa msaada." Usimseme vibaya, sema "tungependa". Nyumbani, mkubaliane siku ya kuacha badala ya kumvizia nyuma ya ghala. Kama mna mtoto mdogo, mpaka siku hiyo ifike moshi usiingie ndani kabisa.

Hata wenzetu wa kliniki za VVU walisikie hili. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba mvutaji mwenye VVU aliye kwenye huduma nzuri hupoteza miaka mingi zaidi ya maisha kwa sigara, kama 12, kuliko kwa VVU vyenyewe, kama mitano. Tunapima wingi wa virusi kwa bidii yote ile, halafu pakiti iko mfukoni mwa shati, tunaiona.

#14 Mkulima wa Itigi

Na sisi tunaolima tumbaku? Mnataka tule nini?

#15 Mtafiti wa Makole

Ndugu mkulima, swali lako ni zito na linastahili uzi wake, nisilijibu kwa mistari miwili nikakudharau. Ila moja la afya leo: mkichuma majani yakiwa na umande au baada ya mvua, nikotini hupita kwenye ngozi. Kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika jioni ya kuchuma mara nyingi ni hiyo, wala si malaria. Chumeni yakikauka, mikono mirefu, glavu mkipata, na watoto wasishike majani mabichi. Na ukienda zahanati mwambie mhudumu kwamba ulikuwa shambani, maana naye huenda hakufundishwa.

#16 Bodaboda wa Nkuhungu

Mkuu, jibu la maswali yako. Ya kwanza navuta kabla sijawasha pikipiki, kama nusu saa hivi toka niamke. Kwa siku nane, zikizidi kumi. Nyingi ni za kusubiri abiria stendi ya Nzuguni.

#17 Mtafiti wa Makole

Safi sana. Basi kwako kijiwe kina sehemu kubwa kuliko ulivyodhani. Chagua siku, isiwe mwisho wa mwezi wakati wa presha za kodi. Wiki ya kwanza badilisha mahali pa kusubiria, hata mita hamsini kutoka kwa wanaovuta. Usinunue kibiriti. Hamu ikija haidumu, dakika chache inapita ukiwa na kitu cha kufanya: maji, karanga, kufuta pikipiki. Nitumie tarehe uliyochagua, siku ya tatu nitakupigia mimi.

#18 Bodaboda wa Nkuhungu

Jumatatu. Shemeji yako nimeshamwambia.

#19 Nesi wa Zamu

Kaka mtafiti, nimerudi. Jana usiku kuna baba kitanda cha dirishani, kalazwa na kifua, ana wiki. Sijawahi kumuuliza. Nilipokuwa nabadilisha dripu nikasema kama ulivyoandika, tumbaku unaitumiaje. Akanitazama muda. Akasema msokoto, tangu akiwa mchunga ng'ombe. Nikamuuliza wa kwanza anavuta saa ngapi. Akasema kabla hajanawa uso. Halafu akaniuliza yeye: "Kwani, nesi, mtu wa umri wangu bado anaweza?" Nilikuwa na wagonjwa wengine wananiita, nikamwambia anaweza, na kwamba nitarudi.

Leo naingia zamu saa moja jioni. Nikirudi pale nianze na nini?

#20 Mtafiti wa Makole

Dada, anza kwa kumwambia umerudi. Halafu muulize ni nini kilichomfanya aulize.